Mama mjamzito ana usonji au ADHD? Msaidie hivi

Wifi yangu ana usonji (autism, kelele na kuguswa vinamlemea haraka), na mimi ndo nilikaa nae tangu mimba mpaka arobaini, kwahiyo naandika nilichokiona.

Anza na kliniki. Siku ya kwanza aligeuka getini akarudi home, mabenchi yamejaa, watoto wanalia, nesi anaita majina kwa kupayuka. Mara ya pili tukaenda asubuhi sana, kavaa earphone, na mkononi nina kikaratasi: "Huyu mama ana usonji. Kabla ya kumshika tumbo mwambie. Maelezo mwandikie." Nesi akakisoma, akapunguza sauti hapohapo. Kikaratasi hicho kipinieni kwenye kadi ya kliniki, maana leba mtakuta zamu nyingine kabisa, na wengine uchungu ukikolea maneno yanakata, anakaa kimya watu wanadhani bado hajaumwa. Hapo aliyemsindikiza leba ndo awe mdomo wake.

Mwenye ADHD, yaani akili haitulii kwenye jambo moja, shida yake nyingine, atasahau vidonge vya kuongeza damu na sio uzembe jamani. Alamu ya simu ataizima huku anafanya kitu kingine, we weka vidonge pembeni ya mswaki. Kama alikuwa anatumia dawa za ADHD, daktari aambiwe mapema, asiache wala asiendelee kimyakimya.

Mtoto akizaliwa ndo shughuli. Chanjo ziandike ukutani kwa marker: wiki ya 6, 10, 14, alafu mwezi wa 9 na wa 18. Wageni sisi tuliwapa saa kumi mpaka kumi na moja jioni tu, mama mkwe akanuna wiki nzima, ila mzazi alilala.

Kunyonyesha sasa, kuna siku alilia sio kwa maumivu, ni kuchoka tu kuguswa. Tukaanza hivi: mtoto akishiba namchukua mimi namcheulisha, yeye anaingia chumbani dakika 20, hashikwi na mtu. Na usimuulize "nikusaidie nini?", hilo swali lenyewe ni kazi, beba ndoo ya nepi ukafue.

Ila ukiona hapati usingizi hata mtoto akilala, au anasema bora asingekuwepo, usiseme ndo usonji wake huo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.