Kutia ganzi neva za bega

Kwa upasuaji wa bega, ganzi huwekwa shingoni, kati ya misuli miwili ya skalini (misuli ya kando ya shingo), zinakopita neva za C5 na C6, zitokazo kwenye uti wa mgongo kwenda begani. Kwanza weka kanula mshipani, mashine ya kufuatilia moyo na oksijeni, na lipidi ya 20% (dawa ya mafuta ya kutibu sumu ya ganzi) iwe karibu.

Ongoza sindano kwa ultrasaundi, ncha ionekane muda wote. Kila baada ya kusukuma mililita 3 hadi 5 za dawa, vuta bomba la sindano kuona kama damu inaingia. Damu ikiingia, acha. Dawa ikiwa ngumu kusukuma, au mgonjwa akihisi maumivu makali mkononi, rudisha ncha: huenda imeingia ndani ya neva.

Ropivakaini (dawa ya ganzi) ya 0.5%, mililita 10, mara nyingi hutosha. Kiasi kikubwa hulemaza zaidi neva ya kiwambo, msuli wa kupumulia, kwa hiyo mwenye mapafu dhaifu atafutiwe njia nyingine. Kwa upasuaji wa kiganja ganzi hii haifai. Upande wa kidole cha mwisho hubaki na hisia.