Saadani wakati wa kipupwe: panga safari ya boti kwa kufuata mwezi wa angani

Ukienda Hifadhi ya Taifa ya Saadani kati ya Juni na Agosti, usiombe boti ya Mto Wami alfajiri. Chagua siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, uingie mtoni kama saa tatu na nusu asubuhi. Siku hizo za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa sana, katika pwani ya Tanzania maji hupwa kabisa mnamo saa nne, na kingo za tope karibu na mlango wa mto hubaki wazi. Mamba hawezi kujipasha joto mwenyewe. Baada ya usiku wa baridi hungoja jua lipande ndipo atoke kujianika, na tope hilo ndilo kitanda chake. Ndege wa majini nao hushuka kutafuta chakula papo hapo. Alfajiri utaona maji na ukungu tu, na ni hasara kubwa kwa aliyetoka mbali.

Mbinu hii haifai siku ya mawingu mazito, wala mvua ikiwa imenyesha huko juu mtoni, kwani maji hujaa na kufunika kingo. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, pia tofauti ni ndogo. Tena muulize nahodha kwanza: maji yakipwa sana, boti nzito hukwama kwenye fungu la mchanga. Viboko waachieni nafasi. Msiwazibie njia ya kuingia majini.