SOMO: Jinsi ya kutambua kama dawa za shambani zinaua viumbe wa mtoni na bwawani

Wengi hawaamini kwamba dawa imeingia majini mpaka waone samaki wanaelea matumbo juu. Ukisubiri hapo, umechelewa. Kabla ya samaki huwa wameshaondoka wadudu wa majini, kamba na vijidudu ambavyo samaki huvila, na huondoka bila mzoga hata mmoja kuonekana.

Chukua Ziwa Shinji la Japani, lenye maji ya chumvi kidogo na mashamba ya mpunga pembezoni. Wakulima wa huko walianza kutumia viuadudu vya kundi la neonikotinoidi mwaka 1993. Vijidudu vinavyoelea majini vikapungua vibaya, na uvuvi wa wakasagi, samaki wadogo wanaovitegemea, ukaporomoka kutoka wastani wa tani 240 kwa mwaka hadi tani 22. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 haukusema kwamba wakasagi walilishwa sumu. Ulionyesha kuwa chakula chao kilitoweka.

Ndiyo maana somo hili linaanzia chini ya mawe. Samaki tutawafikia.

Hatua ya 1: Jua ni dawa gani, na imepigwa lini

Usiishie kwenye jina la biashara. Soma lebo utafute kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kwa sababu kila kundi lina namna yake ya kuua.

Pairethroidi (saipamethrini, deltamethrini, lambda-sihalothrini) zinasifiwa kuwa hazina madhara makubwa kwa binadamu na ndege. Majini ni balaa. Zinavuruga neva za samaki, na kwa kamba, kaa na wadudu wa majini ni kali zaidi, maana hao ni ndugu wa wadudu waliokusudiwa kufa shambani. Oganofosfati, kama klorpirifosi, huzuia kimeng'enya kinachotuliza neva, kwa hiyo misuli ya samaki hukakamaa na kutetemeka. Wengine hufa wakiwa wamepinda mgongo. Neonikotinoidi huyeyuka vizuri kwenye maji, hivyo husafiri mbali, na wadudu wa majini huathirika hata kwa kiasi kidogo kikidumu siku nyingi. Viuagugu huua mimea na mwani. Dawa za ukungu zenye shaba huua mwani, konokono na samaki pia.

Hebu tupige hesabu, maana watu hudhani "kidogo tu hakidhuru". Chukua dawa yenye gramu 50 za kiambato kwa lita. Mililita 10 zake, yaani kifuniko kimoja cha chupa, zina nusu gramu. Ili nusu gramu hiyo ishuke hadi mikrogramu 1 kwa lita, unahitaji lita 500,000 za maji: bwawa la mita 25 kwa 20 lenye kina cha mita 1. Na kama ni pairethroidi, mikrogramu 1 kwa lita bado inatosha kuua viumbe wengi wa jamii ya kamba na wadudu. Kifuniko kimoja tu!

Hatua ya 2: Fuata njia ya maji kwa miguu

Tembea kutoka shambani hadi majini ukitafuta dawa inapita wapi. Njia ni chache: upepo wakati wa kupiga, mvua inayoosha udongo, mifereji ya umwagiliaji, na ile inayonikera kuliko zote, watu kusuuza pampu ya mgongoni mtoni. Hiyo ya mwisho haihitaji mvua wala upepo, na ndiyo rahisi kuliko zote kuikomesha.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya kupiga dawa ndiyo ya kuogopwa. Mtoni, wimbi la sumu laweza kupita lote ndani ya saa chache. Ukija kupima kesho yake mchana, maji ni safi na kila mtu anakuona mzushi.

Hatua ya 3: Geuza mawe, juu na chini ya shamba

Hapa ndipo penye kazi, na vifaa ni wavu wenye matundu madogo, beseni jeupe na glavu. Chagua sehemu mbili zinazofanana kwa kina, kasi ya maji, mawe na kivuli, moja juu ya shamba (maji yanakotoka) na nyingine chini yake (yanakoelekea). Zisipofanana, utalinganisha vitu viwili visivyohusiana halafu uisingizie dawa.

Simama maji yakija kutoka mgongoni kwako. Weka wavu mbele ya miguu, kisha koroga changarawe kwa mguu kwa dakika 2 au 3 ili vilivyojificha visombwe wavuni. Mimina kwenye beseni lenye maji na usubiri. Mwanzoni utaona takataka tu. Baada ya muda zitaanza kutembea.

Mtafute kwanza lava (mtoto wa mdudu) mwembamba mwenye mikia mitatu mkiani (kuna jamaa zake wenye miwili). Mtazame kwa karibu: ubavuni mwa tumbo ana matamvua yanayopepea bila kupumzika, ndiyo anayopumulia. Huyu ni mwepesi mno kudhurika na viuadudu. Mwingine ni yule anayejijengea kijumba cha mchanga na vijiti, anakiburuta kila aendako. Hesabu pia kamba, kaa na watoto wa kereng'ende. Upande wa pili wako wagumu: konokono, ruba, minyoo, na lava wekundu wanaojipindapinda kwenye tope.

Hesabu aina, halafu idadi. Kama juu ya shamba una lava wa mikia mitatu, wenye vijumba na kamba, na chini yamebaki konokono na ruba watupu, hiyo ni dalili nzito ya kiuadudu. Maji taka na samadi nazo hufukuza viumbe laini, lakini huwa zinaacha harufu na ute wa kijivu kwenye mawe. Rudia zoezi kabla na baada ya msimu wa kupiga dawa; ushahidi wa siku moja ni dhaifu.

Hatua ya 4: Samaki wakifa, tofautisha sumu na ukosefu wa oksijeni

Vifo vingi vya samaki mabwawani husababishwa na oksijeni kuisha, na si vizuri kumtuhumu jirani bure. Oksijeni hushuka kabisa alfajiri, kwa kuwa usiku mimea na mwani hupumua bila kutengeneza oksijeni mpya. Samaki huja juu wakihema, na wakubwa hufa kwanza.

Sumu haina saa. Wadogo mara nyingi hutangulia, na kabla hawajafa huogelea kwa kuzunguka, hugonga kingo au hutetemeka. Kinachoamua hasa ni walio pembeni: wadudu wa majini na kamba wamekufa pamoja na samaki, na konokono wanaendelea kutambaa kama kawaida? Shuku kiuadudu. Konokono nao wamekufa? Fikiria shaba.

Hatua ya 5: Chukua sampuli haraka

Tumia chupa safi ya kioo, ijaze hadi mdomoni, ifunge, ikae gizani kwenye baridi. Plastiki haifai, pairethroidi hunata kwenye kuta zake. Chukua tope la juu pia, kwa sababu dawa hizo hukimbilia tope na maji yanaweza kuonyesha kwamba hakuna kitu. Samaki aliyekufa punde mfunge kwenye karatasi ya aluminiamu na umweke kwenye barafu. Aliyeoza hana msaada. Andika saa, tarehe na mahali, na uchukue sampuli nyingine juu ya shamba. Ongea na maabara mapema, maana wao hupima unachowaambia wapime.

Hatua ya 6: Ziba njia

Acha ukanda wa majani na vichaka kati ya shamba na maji, kwa upana ambao lebo inataja au zaidi. Usipige dawa upepo ukivuma kuelekea majini wala mvua ikinukia. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudi kwenye tangi la pampu ili yapigwe shambani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mkuu. Mimi natumia dawa za asili tu, pareto na utupa. Si salama kwa samaki?

Jibu: Hapana, ndugu. Pairethroidi za viwandani zimeigwa kutoka kwenye sumu ya pareto yenyewe, na pareto ni sumu kali kwa samaki. Tofauti ni kwamba jua huivunja upesi. Utupa ndio usiseme, watu wameutumia tangu zamani kulewesha samaki mtoni. Neno "asili" linakueleza dawa imetoka wapi, halikuelezi itaua nini.

Swali: Wiki chache baada ya shamba la jirani kupigwa dawa ya wadudu, bwawa langu limegeuka kijani. Si mbolea hiyo?

Jibu: Yaweza kuwa mbolea, yaweza kuwa vyote viwili. Dafnia na wenzake, vijidudu vya milimita chache, ndio wanaokula mwani. Kiuadudu kikiwamaliza, mwani hubaki bila mlaji na kujaa. Teka maji kwenye glasi, yaangalie dhidi ya mwanga. Usipoona vidoa vinavyorukaruka, anza kushuku dawa.

Swali: Kiuagugu kinaua majani, kitamdhuruje chura?

Jibu: Kwa njia mbili. Magugu ya majini yakifa kwa pamoja huoza, na kuoza kunakula oksijeni. Pili, dawa nyingi huongezewa sabuni za kuifanya ishike kwenye jani. Kwenye baadhi ya dawa za glaifosati, aina fulani ya sabuni hizo ni kali kwa viluwiluwi vya chura kuliko glaifosati yenyewe.

Swali: Mwalimu, samaki waliokufa tuwakaange vizuri, si sumu inaisha?

Jibu: Usile, na usimpe mbwa wala kuku. Usitegemee moto kuondoa sumu. Wafukie mbali na maji, maana ndege na fisi maji nao wanaweza kuwala. Kuna dawa za zamani zilizokuwa zikijilimbikiza kwenye mafuta ya mwili: ziwa Clear Lake huko California lilitiwa kiuadudu cha DDD mwaka 1949, 1954 na 1957 kuua vijidudu vinavyoruka. Majini iliwekwa takriban sehemu 0.02 kwa milioni, lakini kwenye mafuta ya vibisi, ndege wala samaki, ikakutwa sehemu 1,600 kwa milioni. Hiyo ni karibu mara 80,000.

Swali: Bwawa langu limeshaingiwa na dawa. Nifungulie maji yote yatoke mtoni nianze upya?

Jibu: Usifanye hivyo hata kidogo, utaua viumbe walio chini mtoni. Funga maji yanayoingia kutoka shambani, zuia ya bwawani yasitoke, na ongeza maji safi kama unayo. Pairethroidi huondoka kwenye maji ndani ya siku chache lakini hukaa kwenye tope wiki hadi miezi, kwa hiyo usikoroge tope. Kabla ya kurudisha vifaranga vya samaki, weka samaki wachache ndani ya kizimba cha wavu kwa siku 4, na uchunguze kama kamba na wadudu wameanza kurudi. Wadudu wenye mabawa hurudi wenyewe wakiruka. Kamba na konokono huchelewa, wakati mwingine itabidi uwalete kutoka mkondo wa juu.