Mteja wa Ulaya kakuomba data za sumu ya tope? Anzia hapa

Kwa nyie mnaosaga na kupaki madini ya viwandani hapa Arusha, siku mteja wa Ujerumani akikuandikia anataka data za sumu ya mashapo, yaani mzigo wako ukizama kwenye tope la mto wadudu wanaoishi humo watapona au watakufa, usikimbilie maabara. Hapo ndo watu wanachoma hela bure.

Kwanza angalia kama unahusika. Kanuni ya REACH, ile Na. 1907/2006 ya Umoja wa Ulaya inayosimamia usajili wa kemikali, Kiambatisho cha V, haidai usajili kwa madini ya asili ambayo hayajabadilishwa kikemia. Kusaga, kuchekecha, kuosha na maji, kukausha, hivyo vyote havina shida. Ila ukichoma ni stori nyingine kabisa, mawe ya chokaa yakipita tanuruni yanatoka kalsiamu oksaidi, na magadi ya Natron ukiyachoma yanatoka sodiamu kaboneti, msamaha umeisha hapo. Kwa hiyo mwandikie mteja barua, mweleze mawe yamefanywa nini kuanzia shimoni hadi kwenye kiroba, ambatisha majibu ya vipimo vya madini yenyewe. Wengi wenu mtaishia hapo.

Kama unahusika, wewe uliyeko Njiro huwezi kujisajilia mwenyewe, anasajili mwagizaji aliyeko kule au unateua mwakilishi pekee mwenye ofisi ndani ya Umoja wa Ulaya. Usajili unaanzia tani 1 kwa mwaka lakini mambo ya tope yanakuja kwenye tani 1,000 kwenda juu, na hata huko kipimo kinapendekezwa tu kama tathmini ya usalama imeonyesha haja. Sasa wewe wa kontena mbili tatu kwa mwaka unaambiwa ulipie kipimo cha nini? Muulize huyo mteja vizuri.

Halafu mwakilishi wako aulizie ECHA, wakala wao wa kemikali aliyeko Helsinki, kama dutu yako ilishasajiliwa. Chokaa na sodiamu kaboneti zilishasajiliwa zamani, unaingia kwenye usajili wa pamoja na kuchangia gharama za data zilizopo. Zikiwa hazitoshi jenga hoja kwanza: magadi yanayeyuka majini yanabaki ioni, hayakai kwenye tope. Metali kama nikeli na shaba ni kinyume chake, zinashikwa na tope, tena salfaidi iliyomo ndo inaamua kiasi gani kinamfikia mdudu, kwa hiyo usikopi hesabu zilizotengenezwa kwa dutu za ogani, yaani kemikali zenye msingi wa kaboni.

Hoja ikigoma, mnapeleka pendekezo la kipimo na mnasubiri uamuzi wa ECHA. Msipime kabla. Kinachotumika sana ni OECD 218, mwongozo wa kimataifa wa kupima sumu ya tope: mabuu ya Chironomus, wale visubi wasiouma, wanawekwa kwenye chombo chenye tope lililochanganywa na dutu yako, maji juu yake mara nne ya tope, nyuzi kama 20, siku 28, halafu wanahesabiwa wangapi wametoka na mabawa. Hilo tope linatengenezwa kwa mchanga wa kwatzi asilimia kama 75, kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) 20, na peati (mboji ya mimea iliyooza) kidogo. Yaani kaolini na mchanga wa kwatzi ni viungo vya kipimo chenyewe, sasa anayekutisha kuhusu kaolini safi mwonyeshe hiyo resipi.

Maabara waombe cheti cha GLP, yaani utaratibu bora wa maabara, kabla hujatoa advansi; ISO 17025, ile ithibati ya kawaida ya maabara, peke yake haitoshi kwa vipimo vya sumu. Sampuli itoke kwenye bechi ile ile unayouza, na kuitoa nchini pitia Tume ya Madini. Huku nyumbani, ukizalisha kemikali kama chokaa ya kuchoma kuna usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria Na. 3 ya 2003, ofisi ya Kanda ya Kaskazini ipo hapa hapa mjini.

Mwisho mwakilishi anapanga kila kitu kwenye IUCLID, programu ya kuandalia faili la usajili, na kutuma kwa REACH-IT, mfumo wa mtandaoni wa ECHA. Namba ya usajili ikitoka iandikwe sehemu ya 1 ya karatasi ya usalama (SDS), hiyo ndo unamtumia mteja.