Kumtafuta babu Mjerumani aliyehamia Marekani: kwanza pata kijiji

Wengi ninaowasaidia wanakosea palepale mwanzo, wanaandika Johann Müller kwenye intaneti wanaletewa maelfu, wanachoka, wanaacha. Kumbukumbu za Ujerumani zinakaa kijiji kwa kijiji, parokia kwa parokia, bila jina la kijiji huna pa kuanzia.

Hatua ya 1. Baki Marekani. Wazee waulize, Biblia ya familia ifungue. Sensa ya 1900 inataja mwaka mtu alioingia nchini, ile ya 1890 achana nayo, karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921. Faili za uraia za baada ya Septemba 1906 zinasema alizaliwa wapi, za nyuma ya hapo mara nyingi unakuta "Prussia" basi, yaani dola mojawapo ya Kijerumani ya zamani, maana Ujerumani yenyewe imeungana 1871.

Hatua ya 2. Kanisa, na hapa ndo penyewe. Mchungaji wa Kilutheri mara nyingi naye alikuwa mhamiaji, vijiji vya kwao anavijua, akimzika mtu anaandika na alikozaliwa. Ukoo wa mke wangu nilihangaika nao miaka miwili, kijiji nikaja kukikuta kwenye daftari la mazishi, tena la dada yake babu, sio la babu! Kwa hiyo fuata na ndugu, majirani, wasimamizi wa ubatizo, watu walikuwa wanahama na wenzao wa kijijini.

Hatua ya 3. Meli. Orodha za abiria za bandari ya Hamburg zipo, 1850 hadi 1934, na nyingi zinataja mtu katokea wapi. Za bandari ya Bremen nyingi zimepotea, hapo hamia kwenye orodha za New York, za vituo vya kupokelea wahamiaji: Castle Garden 1855 mpaka 1890, Ellis Island kuanzia 1892. Na ile stori kwamba karani wa Ellis Island alimbadilishia babu jina, hapana, karani alikuwa anasoma orodha iliyokuja na meli. Schmidt alijiita Smith mwenyewe baadaye.

Hatua ya 4. Kijiji ukishakipata kitafute kwenye Meyers ya 1912, kamusi ya majina ya mahali ya Ujerumani, iko mtandaoni, itakuonyesha kilikuwa chini ya Standesamt gani, yaani ofisi ya vizazi na vifo. Ofisi hizo zilienea nchi nzima 1876, kabla ya hapo sehemu nyingi ni vitabu vya kanisa tu: Wakatoliki jaribu tovuti ya Matricula, bure, Waprotestanti tovuti ya Archion, unalipia.

Hatua ya 5. Mwandiko. Ni wa mkono wa zamani wa Kijerumani, unaitwa Kurrent, "e" yake utaapa ni "n". Dawa ni kuchukua kalamu ukajifunza kuliandika jina la ukoo kwa mwandiko huohuo mpaka jicho lizoee. Halafu ndugu wanne wote Johann usishtuke, jina la kuitwa mara nyingi ni la pili. Babu wa mke wangu nilimruka miezi mizima hivihivi, natafuta Johann wakati kaburini kaandikwa Georg.