Bili ya AC Texas: nilibana umeme, nikalipa karibu mara mbili

Sisi tuliokulia kwenye LUKU na tokeni za KPLC tuna imani moja isiyoyumba: ukitumia uniti chache, hela inabaki mfukoni. Imani hiyo nilikuja nayo hadi Houston, na ndiyo iliyoniponza.

Septemba mama alikuwa bado kwangu, AC inanguruma mchana kutwa. Mita ikasoma uniti 1,015, bili dola 107. Oktoba mama amesharudi Tanga, mimi nikaanza kubana: nikitoka nazima, nikirudi naanza na feni. Uniti 940. Bili dola 192. Nikajua mita imeharibika. Nikapiga simu, na dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kwamba mita ni nzima, ila mwezi huo sikufika elfu moja.

Hapo ndipo ulipo mtego, na naomba uusome taratibu. Huku kampuni za umeme ni nyingi, unachagua mwenyewe moja na kusaini nayo mkataba. Wangu ulikuwa na punguzo la dola 100 kwa kila mwezi nitakaotumia uniti 1,000 au zaidi. Bei yenyewe, pamoja na gharama ya kusafirisha umeme, ilikuwa senti 20 kwa uniti na dola 4 za kila mwezi. Ukifika 1,000 kamili unalipa dola 104, na tangazo linakuambia kwa maandishi makubwa: senti 10.4 kwa uniti! Ukiishia 999 unalipa dola 203 na senti 80. Uniti moja tu inakugharimu karibu dola mia. Tena mwezi wa bili si mwezi wa kalenda. Mara siku 32, mara 29, kutegemea siku mita iliposomwa. Unaweza kuishi vilevile kila siku na bado ukakosa punguzo kwa sababu mzunguko ulikuwa mfupi.

Kila mkataba Texas lazima uwe na karatasi inayoitwa Electricity Facts Label. Inaonyesha bei ya wastani kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Usiangalie namba ya katikati peke yake. Ya kwangu ingesomeka senti 20.8, kisha 10.4, kisha 15.2. Ukiona bei inaporomoka katikati halafu inapanda tena, funga hiyo karatasi. Narudia, maana mimi niliiona na nikasaini: bei ikiporomoka kwenye 1,000, funga.

Mtego wa pili unatunyemelea sisi hasa: "umeme wa bure usiku." Wangapi kati yetu tunafanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee? Usiku nyumba yako ni tupu. Mchana umelala, jua liko nyuzi 38, AC haipumziki, na bei ya mchana ndiyo waliyoipandisha kufidia huo usiku. Usikubali.

Mdogo wangu, wiki mbili tu tangu ashuke, alisaini mkataba wa umeme mlangoni kwa kijana mwenye tableti kwa sababu "alikuwa na adabu sana." Mdogo wangu nakupenda, lakini adabu si bei. Mwambie mtu huyo akuachie ile karatasi, usome jioni ukiwa umekaa. Mikataba mingi inapatikana kwenye tovuti ya serikali ya jimbo, Power to Choose, na unaweza kuondoa kwenye orodha ile yenye sharti la matumizi. Walioko Austin na San Antonio haya hayawahusu. Huko umeme ni wa shirika la jiji, hakuna kuchagua. Kuunganishiwa kwenyewe ni kazi ndogo: anwani, kitambulisho, na amana kama huna historia ya mikopo.

Mpaka leo sielewi jamii inayoita huu uhuru. Waya ni ule ule, mita ni ile ile, kampuni ni nyingi hata kuzihesabu huwezi, na zinachoshindania hasa ni nani atakayeficha bei vizuri zaidi. Kisha wanajenga nyumba za dari fupi, paa jeusi, zisizo na baraza, na kanisani Agosti unavaa sweta. Wazee wetu wa pwani walijenga kuta nene za mawe na madirisha yanayotazamana. Joto walilijua.

Kwa AC yenyewe, AC ya tani tatu (tani hapa ni kipimo cha nguvu ya kupoza, si uzito) inakula kama kilowati tatu ikiwaka. Saa kumi kwa siku ni uniti 30, kwa mwezi 900, kabla hujapika chai. Weka nyuzi 78 za Fahrenheit ukiwepo, pandisha ukitoka, badilisha chujio, washa feni chumba ulichomo tu. Kushusha hadi 60 hakuharakishi ubaridi. Na wazazi wakija, waelezeni mapema kwa heshima: mama yangu alifungua madirisha kila asubuhi ili nyumba ipate hewa, nami niliona haya kumwambia.

Mkataba ukiisha bila wewe kuchagua mwingine, unaangukia bei ya mwezi kwa mwezi, na hiyo huwa ya kuumiza. Siku 14 za mwisho za mkataba unaweza kuhamia kampuni nyingine bila faini ya kuuvunja. Ukihama nyumba pia hawakutozi faini. Mimi sikuhama nyumba, kwa hiyo nilivumilia miezi mitano, jioni nafungua Smart Meter Texas, tovuti inayoonyesha usomaji wa mita yako, kuona nimebakiza uniti ngapi kufika elfu, na siku moja ya Februari niliwasha oveni tupu ili nivuke.

Mkataba wa sasa ni bei moja, uniti ya kwanza na ya elfu mbili sawasawa. Tarehe ya mwisho wake nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Mama anarudi Juni.