Presha ya maji: angalia vizio kabla ya kuzidisha

Wadogo zangu wa kidato cha nne hapa Kigoma, swali la presha ya maji linawanyima wengi alama za bure. Fomula mnaijua: kina mara densiti mara g (mchapuko wa graviti, tunaoukadiria kuwa 10). Kinachowaangusha ni vizio. Ukipewa kina kwa sentimita, geuza kiwe mita kwanza. Densiti ikiwa ni gramu kwa sentimita ya ujazo, zidisha kwa 1,000 upate kilo kwa mita ya ujazo.

Chukua wavu wa dagaa ulioshushwa mita 80 Ziwa Tanganyika: 80 × 1,000 × 10 = Pa 800,000 (1,000 ni densiti ya maji; Pa ni paskali, kizio cha presha). Hiyo ni ya maji peke yake. Swali likitaka presha ya jumla, hewa iliyo juu ya ziwa nayo inakandamiza, kwa hiyo ijumlishe. Wakikupa Pa 100,000, jibu ni Pa 900,000. (Kwetu hewa ina presha pungufu kidogo, maana ziwa liko zaidi ya mita 760 juu ya usawa wa bahari, lakini tumia namba ya kwenye swali.)

Upana wa ziwa achaneni nao, haumo kwenye fomula. Hata bomba jembamba lililosimama wima, likiwa na maji ya mita 80, chini yake utapata Pa 800,000 zile zile.